Mfuniko wa tangi unavuja kwenye kona: je, ni raba tu?

SWALI: Ninaishi Leicester, Uingereza, na nina gari la michezo lenye sura ya AC Cobra ya miaka ya 60. Si Cobra halisi. Ni lile la kuunganishwa gereji, bodi ya fibaglasi, injini ya Rover V8, lilisajiliwa miaka ya 90. Mfuniko wa tangi ni ule mkubwa unaong'aa, wa kufyatua kwa mkono, uko bega la nyuma upande wa kushoto. Raba yake imechakaa. Nikijaza tangi, harufu ya petroli inafika mpaka ndani, na nikizunguka kipilefti petroli inachirizika kwenye rangi. Nilikata raba kutoka kwenye tyubu ya gari nikaiweka. Ilikaa vizuri siku chache, kisha ikavimba mpaka mfuniko ukakataa kufunga. Ninunue raba gani? Na nikiubana kabisa, usitoe hata harufu, kuna ubaya?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloamua mengine yote. Ndiyo, ubaya upo. Tangi la petroli lazima lipumue. Kila lita inayovutwa na pampu inaacha nafasi, na nafasi hiyo lazima ijazwe na hewa kutoka nje. Umewahi kutoboa kopo la maziwa tundu moja tu, ukaona yanavyosita kutoka mpaka utoboe la pili? Tangi lililozibwa kila mahali hufanya vivyo hivyo. Gari linawaka vizuri, linakwenda dakika kumi au ishirini, kisha linaanza kukohoa na kukosa nguvu. Ukisimama ukafungua mfuniko unasikia hewa ikiingia kwa mluzi, na gari linapona hapo hapo. Watu wamebadilisha pampu, wamefungua kabureta, wamelaumu plagi, kumbe tangi limebanwa pumzi. Pampu ya umeme yenye nguvu inaweza hata kulibonyeza tangi jembamba la alumini likaingia ndani.

Kwa hiyo kabla hujanunua raba yoyote, jua tangi lako linapumulia wapi. Geuza mfuniko utazame tumbo lake. Magari mengi ya zamani yalipumulia hapo: katikati utaona kitundu chembamba, pengine na kigololi au kibati chenye springi nyuma yake. Magari ya kuunganishwa kama lako mara nyingi yana paipu nyembamba inayotoka juu ya tangi, inapanda kadiri bodi inavyoruhusu, kisha inashuka na kuishia chini ya gari. Njiani huwa na vali ndogo ya kigololi inayojifunga gari likipinduka. Ingia kwenye buti, ondoa zulia, uifuate paipu hiyo kwa vidole toka mwanzo hadi mwisho. Kuiona ikitoka kwenye tangi hakutoshi. Huko mbele inaweza kuwa imekunjika mahali ilipopinda, imebanwa na klipu iliyokazwa kupita kiasi, au imezibwa na tope kwenye ncha ya chini. Ichomoe upande wa tangi, uipulizie hewa kwa pampu ya baiskeli. Mdomo usiutumie, utavuta mvuke wa petroli.

Ukikuta paipu ipo na inapitisha hewa, mfuniko wako unatakiwa uwe umeziba kabisa, bila kitundu. Ukikuta paipu haipo, kitundu cha kwenye mfuniko ndicho pua ya tangi: kisafishe na usikizibe. Ukikuta paipu ipo lakini imeziba, hapo pana jambo. Inawezekana kabisa kwamba kuvuja kwa mfuniko ndiko kumekuwa kukilisaidia gari lako miaka yote hii. Ukitia raba mpya bila kuizibua paipu, utaondoa harufu na kujiletea gari linalozimika barabarani.

Sasa hiyo tyubu. Tyubu za magari hutengenezwa kwa butili, raba inayosifika kwa kushika hewa. Ndiyo maana fundi wa pancha anaiamini, na ndiyo maana gereji nyingi za kwetu kipande cha tyubu ndicho dawa ya kila kitu, kuanzia stendi ya betri mpaka bomba la maji. Kwa petroli haifai hata kidogo. Petroli inapenya ndani ya raba yenyewe, inainenepesha na kuilegeza, na raba iliyolegea haina nguvu ya kujisukuma dhidi ya chuma. Uliyoyaona ndiyo hasa yanayotarajiwa. Katika kundi hilo hilo la zisizofaa weka raba asilia, raba ya mabomba ya rejeta, ile inayoitwa EPDM, na silikoni ya kawaida. Hiyo ya mwisho inawadanganya wengi kwa sababu inavumilia joto. Joto inavumilia kweli, lakini ikikaa kwenye petroli inavimba.

Zinazofaa ni mbili. Ya kwanza ni nitrili, ambayo kwenye vifurushi huandikwa NBR. Hii ndiyo raba ya mafuta ya siku zote, bei yake ni ndogo, na kwa petroli ya zamani ilitosha. Ya pili ni FKM, inayojulikana zaidi kwa jina la biashara la Viton. Kwa hali yako nakushauri ya pili, na sababu ni petroli unayoipata huko. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida nchini Uingereza ni E10, yaani ina ethanoli mpaka asilimia 10. Ile ya daraja la juu, supa, ndiyo iliyobaki E5, yaani ethanoli isiyozidi asilimia 5. Petroli iliyochanganywa na ethanoli inaivimbisha nitrili kuliko petroli tupu, na mfuniko unaishi maisha ya kulowa na kukauka: umejaza tangi, mvuke umepanda, gari limelala wiki tatu, raba imekauka na kusinyaa. Mwendo huo ukirudiwa misimu kadhaa, nitrili inapata nyufa ndogondogo. FKM haijali sana. Bei yake ni mara kadhaa ya nitrili, lakini wewe unahitaji kipande kisichozidi kiganja cha mkono, kwa hiyo ubahili hapo hauna faida.

FKM ina kasoro moja, nayo ni baridi. Ikipoa sana inakuwa ngumu na kuchelewa kurudi katika umbo lake. Pete za raba zilizoshindwa kwenye chombo cha angani cha Challenger asubuhi yenye baridi kali ya Januari 28, 1986, zilikuwa za jamii hii hii. Lakini wewe hurushi roketi, na nina shaka kama unalitoa gari lisilo na paa barabarani kukiwa na barafu.

Wengine watakuambia utumie koki, lile gamba jepesi la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kwenye mifuniko mingi ya zamani. Koki tupu ni nzuri ikiwa gari linatumika kila siku na koki inabaki na unyevu wa mafuta. Gari linalolala majira yote ya baridi, koki yake inakauka, inamegeka, na chembe zake zinaangukia ndani ya tangi. Siitaki.

Ukinunua karatasi ya raba kwa mtu asiyejua anauza nini, ijaribu kabla ya kuikata. Kata kipande cha sentimita mbili, kipime kwa vernia urefu na unene, kitie kwenye chupa ya kioo yenye petroli unayotumia, funga, iache nje mpaka kesho yake. Kitoe, kipime tena. Butili utaiona kwa macho tu, huhitaji hata vernia. Nitrili nzuri itaongezeka kidogo. FKM inabaki karibu vilevile.

Kabla ya kukata chochote, isome raba ya awali, ile iliyokuja na mfuniko, kama hujaitupa. Ishike karibu na dirisha uigeuze polepole. Mdomo wa shingo ya tangi umeacha alama yake ya duara kwenye raba, na alama hiyo inakueleza ugonjwa. Ikiwa ina kina sawa pande zote na raba imekuwa ngumu, kiasi kwamba ukibonyeza kwa ukucha shimo halirudi, basi ni uzee tu: badilisha na mambo yameisha. Ikiwa alama imezama sana upande wa bawaba na upande wa komeo haionekani vizuri, mtu aliwahi kuweka raba nene mno. Mfuniko wa bawaba haushuki wima kama wa kuzungusha. Unashuka kwa upinde, kwa hiyo raba nene inaguswa kwanza nyuma, karibu na bawaba, na mbele inabaki juu. Ukiona petroli inatoka upande wa komeo, usikimbilie kuongeza unene. Huenda dawa ni kupunguza.

Alama ikizama zaidi upande mmoja, wa kulia au wa kushoto, shika mfuniko ukiwa umefunguliwa, uutikise. Ukicheza, pini ya bawaba imelika na mfuniko unalala kichwa upande. Pini ni jambo dogo, fundi wa lethi atakutengenezea nyingine nene kidogo, lakini raba mpya juu ya pini iliyolika ni kazi bure.

Halafu kuna ile alama ninayoipenda kuliko zote: mkato mdogo mahali pamoja tu, kama vile raba imechanwa na kisu. Ukiikuta, panda na kidole kwenye mdomo wa shingo, mahali panapolingana nayo. Mara nyingi utakuta kidonda kwenye alumini. Hapo ndipo unapoegemeza bomba la chuma la kituo cha mafuta kila unapojaza. Alumini ni laini, bomba ni gumu, na miaka thelathini ya kujaza imechonga kijino kinachoikata raba yoyote utakayoweka, iwe ya bei gani.

Kazi yote ifanye nje, penye hewa. Najua gereji za Uingereza zilizoshikana na nyumba mara nyingi ndimo boila ya gesi inamokaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni na kusafiri mbali, na petroli inatoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Na usijipe moyo kwamba tangi liko karibu tupu. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa. Sukuma gari lote nje, mbali na moto na umeme, weka kizimamoto cha poda karibu, na usitumie mashine yoyote ya umeme kwenye mdomo wa shingo. Msasa wa mkono unatosha.

Ziba shingo kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, ukifunge kamba ndefu inayoning'inia nje ili kisije kikatumbukia. Kijino ondoa kwanza kwa tupa laini, taratibu, ukifuata duara. Kisha chukua kipande cha kioo kinene au kigae cha bafuni kilicho bapa, gundisha msasa wa maji namba 400 juu yake, uugeuze uso wa msasa chini, ulaze juu ya mdomo wa shingo na uzungushe kwa mkono mwepesi. Baada ya mizunguko kadhaa tazama: sehemu zilizong'aa ndizo za juu, zilizobaki na giza ni mabonde. Endelea mpaka mng'aro uwe pete moja isiyokatika, malizia na namba 600. Pangusa, toa kitambaa polepole ili unga usiingie ndani.

Sasa unene wa raba. Hapa ndipo wengi wanapobahatisha, na hakuna haja. Chukua udongo wa kuchezea watoto, tengeneza vipande vinne vidogo, vibandike kwenye mfereji wa ndani ya mfuniko mahali raba inapokaa: kimoja karibu na bawaba, kimoja kwenye komeo, viwili pembeni. Tandaza karatasi laini ya plastiki ya kufunikia vyakula juu ya mdomo wa shingo ili usinate. Funga mfuniko mpaka komeo lilie, kisha fungua. Pima kila kipande kilivyobonyea. Hilo ndilo pengo halisi ambalo raba inatakiwa kulijaza.

Raba bapa hufanya kazi vizuri ikibanwa kati ya asilimia 15 na 25 ya unene wake. Pengo likiwa milimita 2.4, karatasi ya milimita 3 itabanwa asilimia 20, sawasawa kabisa. Pengo likiwa milimita 2.9, ya milimita 3 haitabanwa chochote cha maana, na likiwa milimita 1.8, mfuniko hautafunga au utafunga kwa kupindisha bawaba. Kama vipande vyako vinne vinatofautiana zaidi ya nusu milimita, rudi kwenye bawaba na pini. Raba haisawazishi mfuniko uliopinda. Ugumu nao una maana. Kipimo chake ni Shore A, na muuzaji makini atakutajia. Kwa mfuniko unaofungwa na springi ndogo, 60 ni bora kuliko 70. Raba ngumu inahitaji nguvu ya kuibana, na komeo lako halina nguvu hiyo.

Kipenyo chukua kwenye mfereji wa mfuniko. Raba ya zamani isiwe kipimo chako, maana ama imevimba ama imesinyaa. Chora kwa bikari, kata tundu la ndani kwanza wakati karatasi bado ni kubwa na inashikika, ndipo ukate duara la nje. Wembe mpya, ubao laini chini, tone la maji ya sabuni kwenye wembe, na uzungushe karatasi badala ya kuzungusha mkono. Ukikata kwa mkasi, ukingo unakuwa na meno na raba haikai kwenye mfereji.

Usiigundishe kwa silikoni ya tyubu. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu ndicho kitu cha kwanza ambacho mtu anakishika akiona raba haishiki. Petroli inailegeza, vipande vinabanduka, vinashuka kwenye tangi na kwenda kukaa kwenye chujio la pampu. Raba iliyokatwa sawasawa inashikwa na mfereji wenyewe. Ikiwa mfereji wako umelika na raba inadondoka kila ukifungua, ikate kubwa zaidi kwa nusu milimita upande wa nje ili iingie kwa kusukumwa.

Ukishaiweka, chukua risiti ya dukani, ikate vipande vyembamba. Weka kimoja kwenye mdomo wa shingo, funga mfuniko juu yake, ukivute. Kinatakiwa kitoke kwa kusita, ukihisi kimeshikwa. Zunguka mfuniko wote kwa namna hiyo, sehemu nane hivi. Kikitoka chepesi mahali, hapo ndipo petroli itakapopita. Baada ya hapo paka chaki kavu kuzunguka shingo na kwenye bodi chini yake, jaza tangi robo tatu, kaendeshe.

Na ukaendeshe kwenye kipilefti hasa. Uingereza mnaendesha kushoto kama kwetu, kipilefti mnakizunguka kwa saa, yaani unakata kulia mfululizo. Petroli yote inakimbilia kushoto, na kushoto ndiko mfuniko wako uliko. Ndiyo maana kona za kulia zinaimwaga na za kushoto hukuzitaja. Zunguka mara mbili tatu, simama, tazama chaki. Petroli ikipita inaacha njia yake iliyo wazi, na utajua imetokea upande gani wa mfuniko.

Hapa niseme maoni yangu wazi, hata kama yataharibu furaha ya raba mpya. Mfuniko huu ulibuniwa kwa ajili ya mbio. Fundi aliyevaa glavu aufyatue kwa pigo moja, amimine mafuta kupitia mdomo mpana, aufunge, gari liondoke. Katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, ambako Cobra ya Daytona ilishinda daraja la GT mwaka 1964, sekunde za kujaza mafuta zilikuwa na thamani kuliko rangi ya bodi. Kubaki bila harufu gereji kwa wiki tatu halikuwa lengo la mtu yeyote. Springi yake ni ndogo, bawaba yake iko upande mmoja, na shingo ya magari mengi ya kuunganishwa ni fupi na imenyooka, haina kizuizi cha kupunguza kasi ya petroli inayopigwa kwenye kona. Raba nzuri itapunguza sana uvujaji. Sitakuahidi kwamba itaumaliza kwenye tangi lililojaa.

Ningekuwa mimi, ningeweka mfuniko wa pili chini yake. Wauzaji wa vifaa vya magari ya kuunganishwa wanauza shingo yenye mfuniko mdogo wa kuzungusha, wenye pete yake ya raba, unaokaa ndani kabisa na kufichwa na ule wa kung'aa. Wa chini unafanya kazi ya kuziba, wa juu unabaki pambo. Kujaza mafuta kutakuchukua sekunde chache zaidi, na sidhani kama kuna anayekusubiri kwenye kituo cha mafuta na saa ya mbio mkononi. Kabla ya kununua pima kina cha shingo yako: lazima mfuniko wa ndani uwe chini vya kutosha ili wa juu usiuguse ukifungwa. Na kumbuka habari ya kupumua. Mfuniko wa ndani ukiwa hauna kitundu, paipu ya juu ya tangi lazima iwe hai.

Ukiwa hapo hapo, chukua maltimita upime kati ya shingo ya chuma na chasisi. Bodi yako ni fibaglasi, haipitishi umeme, na shingo imeunganishwa na tangi kwa bomba la raba. Maana yake kipande hicho cha chuma kinaweza kuwa kinaelea peke yake, kikikusanya umeme tuli wakati petroli inapita. Bomba la kituo likikikaribia, cheche inarukia palepale penye mvuke. Mita inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikisoma kubwa, au isisome kabisa, funga waya wa ethi kutoka kwenye boliti ya shingo mpaka kwenye chasisi, sehemu iliyokwanguliwa rangi. Waya wa shilingi chache tu, na waliojenga magari haya nyumbani wengi waliusahau. Kwangu hili ni zito kuliko harufu iliyokufanya uulize swali.

Kuhusu kujaza: usifike ukingoni. Petroli inatanuka takriban sehemu moja kwa elfu kwa kila nyuzi moja ya joto. Petroli ya kituo inatoka kwenye tangi la ardhini lenye ubaridi, tuseme nyuzi 12. Jaza lita 50, egesha juani mpaka ifike nyuzi 30, na hapo karibu lita nzima imeongezeka. Lita hiyo lazima ipate pa kwenda. Ikiwa hakuna nafasi juu ya tangi, itapanda shingoni na kukutana na mfuniko, na pengine kuishia kwenye rangi yako hata kama gari limesimama. Bomba la kituo likijikata lenyewe mara ya kwanza, acha. Usilisukume mara ya pili na ya tatu ili upate namba kamili kwenye mashine.

Kama baada ya yote haya mfuniko ni mkavu, chaki haina alama, lakini harufu bado inaingia ndani, acha kuulaumu mfuniko. Lile bomba la raba linalounganisha shingo na tangi lina umri wa gari, na raba ya miaka ya 90 haikutengenezwa kwa ajili ya E10. Linaweza kutoa mvuke kupitia mwili wake bila kudondosha hata tone. Livishe foili ya jikoni jioni, libane kila upande, asubuhi ifungue ukiwa umeiweka pua karibu. Utajua mara moja. Pengine pa kutazama ni gasketi ya kipimo cha mafuta juu ya tangi, hasa kama geji yako imewahi kufunguliwa.

Gari lako halijafika miaka 40, kwa hiyo MOT, ule ukaguzi wa lazima wa magari wa kila mwaka huko Uingereza, bado inakuhusu, na mfuniko wa mafuta ni miongoni mwa vitu vinavyotazamwa. Usioziba unaweza kukufelisha. Siku ya ukaguzi nenda na tangi lisilozidi nusu, na umfungulie mkaguzi mwenyewe, ukimwonyesha na mfuniko wa ndani kama utakuwa umeuweka.